Nyuzi Ishirini na Saba

Refik alipasuliwa nyonga mwezi wa Mei.
Daktari akaniambia: mtie majini,
maji ya uvuguvugu, nusu saa, kila siku.
Uvuguvugu! Shepparton, Agosti,
umande umeganda juu ya matawi matupu ya mipea
na bwawa letu la uani lina nyuzi kumi na moja,
baridi ya kukata mtu pumzi.
Tulilichimba watoto wangali wadogo.
Watoto wakahamia Melbourne, bwawa likabaki,
likitulia klorini mwaka hata mwaka.

Tulijaribu hita ya umeme. Wiki tatu tu.
Bili ilipokuja, Refik aliisoma amesimama,
akaketi, akaisoma tena,
kisha akasema taratibu:
"Kwa pesa hizi ningeoga maziwa."

Septemba akaja Darryl, jirani, na roli za mpira mweusi,
mirija myembamba iliyoshikana bega kwa bega
kama mkeka ambao msusi kakataa kuumaliza.
Akaulaza paani, upande wa kaskazini,
maana huku jua hupitia kaskazini.
Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Korçë,
aliishi nyumba hii miaka arobaini
na hadi anakufa alianika nguo upande wa kusini,
akililaumu jua kwa kupotea njia.

Hakuna siri. Pampu huyapandisha maji baridi,
yakatambaa ndani ya ule weusi,
yakashuka na kitu ambacho hayakwenda nacho.
Siku ya kwanza nilikinga kiganja mdomoni mwa bomba.
Nilitazamia moto. Wapi!
Joto la shavu la mtoto aliyelala, basi.
"Hapo hapo," alisema Darryl juu ya ngazi,
"kidogo kidogo, lakini mchana kutwa."

Oktoba wakaja kasuku weupe.
Wakaona mirija, wakaona kazi.
Walitafuna asubuhi nzima kwa bidii ya mafundi
na maji yakatiririka ukutani hadi kwenye waridi zangu.
Refik alitoka na pajama,
akarusha mkongojo wake paani kwa matusi ya kwao.
Kasuku waliruka. Mkongojo haukushuka.

Kosa kubwa lilikuwa langu mimi, Novemba.
Kuna swichi yenye pande mbili:
upande mmoja pampu huamka yenyewe jua likipamba,
upande wa pili hutii mkono wa mtu.
Niliigeuza nikiosha kichujio, nikasahau,
tukaenda kulala.
Usiku kucha maji yalipanda paani,
na paa, halina hiana, likayagawia nyota
kila lililopewa na jua.
Asubuhi nyuzi ishirini na tano zilikuwa ishirini na mbili.
Vuno la siku tano!
Nilisimama na kipimajoto mkononi
kama mtu aliyeiacha zizi wazi.

Refik hakugomba. Alisema neno moja la Kialbania
ambalo mama yake alilisema vyombo vikivunjika:
si kitu.
Kisha akashika ncha moja ya lile blanketi la mapovu,
nami ncha nyingine, tukalitandika juu ya maji,
tukiburuta, tukigombana ni upande upi unaotazama chini.
Hapo ndipo nilipoona anatembea.
Sikusema. Mambo mengine ukiyataja huona haya.

Leo ni Desemba, ishirini na saba.
Anaelea chali, tumbo nje kama kisiwa,
nyonga yenye kovu imesahau kazi yake ya kuuma.
Mkongojo ungali paani, umenasa kati ya mirija,
unapigwa jua pamoja nayo.
Nilimwita: chai tayari.
Masikio yalikuwa chini ya maji.
Nilimwita tena, kwa jina lake lote.
Chai ikapoa. Nikainywa mimi.